Redio ya Saa Kumi na Mbili

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Mwanamke huyu alikuwa na mkono mwepesi. Sare ya shule ambayo ingemchukua mwingine siku nzima, yeye aliimaliza kabla ya saa sita mchana, na bado akapata nafasi ya kumtania mwenye nguo. Cherehani yake ya miguu ilikaa kibarazani, mbele ya vyumba viwili alivyopanga na mumewe. Tepu ya kupimia haikutoka shingoni kuanzia asubuhi hadi jioni. Watoto wa mtaa walisema analala nayo.

Kitu kimoja kiliwashangaza wateja. Fundi aliwashonea wenzake magauni mepesi ya mikono mifupi, lakini ya kwake yote yalikuwa na mikono mirefu na kola ya kufika kidevuni, jua liwake lisiwake.

"Fundi, wewe joto hulisikii?" aliuliza jirani yake muuza mkaa, ambaye wote walimwita Mama Mkaa. "Umejifunga kama kifurushi cha posta."

"Natangaza biashara, shoga yangu. Watu wakiona mikono ilivyokaa vizuri, wanaleta vitambaa."

Mama Mkaa alicheka hadi akapaliwa. Fundi naye alicheka, akarudisha mguu kwenye cherehani. Majibu ya namna hiyo alikuwa nayo mengi, na yote yalikuwa tayari.

Ukweli haukuwa wa kuchekesha. Mumewe alikuwa anampiga.

Mume huyo alikuwa mchomeleaji, mtengenezaji wa mageti na madirisha ya chuma, na kazi yake ilisifiwa. Karakanani alikuwa mcheshi. Wazee aliwaamkia kwa heshima, na watoto wa jirani aliwabeba mabegani. Nyumbani alirudi saa kumi na mbili jioni. Siku akirudi amenuna, Fundi alijua kitakachofuata. Mlango wa chumba cha nyuma ulifungwa. Kabla haujafungwa, redio iliwashwa na sauti ikaongezwa hadi mwisho. Mara nyingine aliiwasha mume. Mara nyingi zaidi aliiwasha Fundi mwenyewe.

Aliiwasha kwa ajili ya binti zake wawili. Wa kwanza alikuwa na miaka tisa. Walimpa jina la utani la Kasuku, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo hakunyamaza. Wa pili, Kibonge, alikuwa na miaka mitatu, na mashavu yake yalimtangulia kila alikokwenda. Fundi hakutaka wasikie kofi wala kilio. Aliona ni afadhali wasikie muziki. Redio ikizimwa, alijifuta uso, akatoka na kusema, "Mmekula? Haya, mkanawe miguu."

Majirani waliita pale nyumba ya muziki. "Kwenu kila jioni harusi," Mama Mkaa alitania.

Kwa miaka minne Fundi aliamini kwamba mpango wake unafanya kazi. Yeye anaumia, ndiyo, lakini watoto hawajui kitu, na baba yao wanaye. Hilo ndilo lililomfanya ajikaze.

Kisha Kasuku akaanza kunyamaza. Haikuwa kwa siku moja. Kwanza aliacha kuimba akioga. Halafu akaacha kusimulia habari za shule. Mwisho alijibu kwa kichwa tu, kama mtu mwenye jino bovu. Asubuhi godoro lake lilikuwa limelowa, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu akiwa mdogo kuliko Kibonge. Mwalimu wake alikuja kibarazani, daftari mkononi.

"Mama Kasuku, muhula huu binti yako hajasoma kwa sauti hata mara moja. Akiandika, anaandika vizuri. Nikimwambia asome, anatazama sakafu. Mwisho wa muhula kuna mtihani wa kusoma. Akiendelea kunyamaza, sitaweza kumpandisha darasa."

"Ni minyoo, mwalimu," Fundi alisema. "Kila jioni analalamika tumbo."

Alimnunulia dawa ya minyoo. Kama minyoo ilikuwepo, ilikufa. Kasuku hakusema neno.

Wiki iliyofuata alikuja mgeni. Alikuwa mama wa makamo, viatu vimejaa vumbi, mkoba mkubwa wa kitambaa begani. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshatangaza kwamba watapita watafiti kuuliza habari za afya ya wanawake na maisha ya familia. Karatasi yao ya maswali iliitwa dodoso, basi mtaa haukuchelewa. Kabla mama huyu hajamaliza nyumba tatu, alikuwa ameshapewa jina: Dada Dodoso.

"Karibu, dada," Fundi alimwambia, akimsogezea kigoda. "Uliza tu, mimi huku nashona."

"Asante, mdogo wangu. Lakini maswali yangu ni ya wewe peke yako. Tunaweza kukaa ndani? Na huyu mwenye mashavu, yupo wa kumwangalia?"

Fundi alimtazama Kibonge aliyekuwa akipanga vifungo sakafuni. "Huyu? Huyu ana miaka mitatu. Anaelewa nini?"

"Mtoto akishaanza kusema, husimulia. Jioni atamwambia baba yake kila kitu, na cha ziada ataongeza mwenyewe."

Kibonge akapelekwa kwa Mama Mkaa. Fundi alirudi akiwaza kwamba huyu mgeni anaijua kazi yake. Mtu wa kazi humtambua mwenzake haraka.

Dada Dodoso alitoa karatasi. "Jina lako silihitaji. Hapa wewe ni namba. Swali usilolitaka, niambie nipite. Ukitaka tuache, tunaacha, na sitakasirika. Jambo lingine ni hili." Alitoa karatasi ya pili, akaiweka chini ya ile ya kwanza. "Haya ni maswali ya maji ya kunywa. Mtu yeyote akiingia, nitageuza karatasi nikuulize ya maji. Nawe unijibu kana kwamba ndiyo tuliyoanza nayo."

"Mbona kama wapelelezi?"

"Wapelelezi wanapewa gari," alisema Dada Dodoso. "Mimi natembea."

Walianza na maswali mepesi: umri, kazi, watoto. Kisha Dada Dodoso akauliza, kwa sauti ileile aliyoulizia umri, "Katika mwaka huu, mumeo amewahi kukupiga kofi, au kukurushia kitu ambacho kingekuumiza?"

Fundi alishika tepu yake kwa mikono miwili. Miaka yote ile, watu walikuwa wameuliza habari za mikono ya gauni. Hakuna aliyekuwa ameuliza hili. Angeweza kusema "pita". Neno lenyewe lilikuwa fupi, na alikuwa ameshaahidiwa kwamba hakuna atakayekasirika.

"Ndiyo," alisema.

Mgeni aliweka alama. Hakushtuka, hakuinua nyusi, hakusema "pole" ya kumfanya mtu ajione maiti. "Mara moja, mara chache, au mara nyingi?"

"Mara nyingi."

Maswali yaliendelea, na Fundi aliyajibu yote. Mengine aliyajibu akilia, mengine kwa macho makavu. Dada Dodoso alisubiri pale palipohitaji kusubiri. Kulikuwa na ufundi katika kusubiri kule, na Fundi aliuona, kama anavyoona pindo lililoshonwa na mtu asiye na haraka.

"Watoto wako waliwahi kuona au kusikia?"

"Hapana," Fundi alijibu upesi, na safari hii aliinua kichwa. "Hilo nimelizuia. Tunawasha redio."

Kalamu ilisimama. Tangu waanze, ilikuwa haijasimama hata mara moja.

"Na redio ikiwashwa," Dada Dodoso aliuliza taratibu, "watoto wanafanya nini?"

Fundi aligeuka kutazama mlango wa chumba cha nyuma. Hakujua. Siku zote yeye alikuwa upande wa pili wa mlango.

Hapo mlango wa mbele ukafunguliwa. Mumewe aliingia na vumbi la chuma kwenye nyusi. Alikuwa amesahau miwani yake ya kuchomelea.

"Na ndoo ya maji ya kunywa mnaifunika?" Dada Dodoso aliuliza, bila kupepesa.

"Tunaifunika," Fundi alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Kwa sinia."

"Maswali ya nini haya?" aliuliza mume.

"Ya maji, kaka. Karibu. Hapa nyumbani mnachemsha, au mnaweka dawa?"

Mume alivuta kiti. Alikuwa mtu anayependa kuulizwa. "Andika," alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha humu ndani kuchemsha maji." Alieleza habari za maji, akahamia kwenye mabomba yaliyojaa kutu, akamaliza na uzembe wa mafundi bomba wote anaowajua. Dada Dodoso aliandika kila neno. "Na kutu hiyo, kaka," aliuliza kwa makini, "ni nyekundu au inaelekea nyeusi?" Fundi aliuma mdomo. Hofu na kicheko vilimjia kwa pamoja, na hakujua kipi ni kipi.

Baada ya nusu saa mume alichukua miwani yake. "Watu wa namna hii ndio tunaowataka," alisema, akaondoka akiwa ameridhika.

Dada Dodoso alisimama mlangoni hadi mgongo wa mume ulipopotea kwenye kona. Akarudi kukaa. "Tuendelee au tuishie hapa?"

"Tuendelee. Na hayo ya maji utayapeleka wapi?"

"Nitampa bwana afya. Mumeo kuhusu kutu anasema kweli."

Maswali yalipokwisha, Fundi hakumwacha aondoke. "Dada, uliposikia habari za redio kalamu yako ilisimama. Mnasema watoto wanasikia?"

"Mimi nakuja kuuliza, si kufundisha. Lakini umeuliza, basi nitakwambia tunachokutana nacho nyumba baada ya nyumba. Wazazi wengi wanasema watoto wamelala, hawajui. Tukiongea na watoto, wanajua. Wengine wanajua hata siku, kwa namna baba anavyovua viatu. Hata mtoto mchanga husikia hofu kwenye mikono ya anayembeba."

"Na inawafanya nini?"

"Kila mtoto na lake. Mmoja anapiga wenzake shuleni, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoona jambo linavyomalizwa. Mwingine anakojoa kitandani, anaumwa tumbo, na hospitali hawaoni ugonjwa. Mwingine anashindwa masomo, maana akili yake yote inalinda mlango. Na yupo anayenyamaza."

"Nilimpa dawa ya minyoo," Fundi alisema, akafunika uso.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kosa si lako. Anayepiga ndiye mwenye kosa. Wewe ulitafuta njia ya kuwakinga, ukashika iliyokuwa karibu. Na lipo jambo jema ambalo nimeliona mara nyingi: mtoto akipata mahali pa usalama, na mtu mzima mmoja wa kutulia naye, anarudi. Polepole, lakini anarudi."

Alimpa kadi ndogo, nusu ya kiganja. Ilikuwa na orodha ya simu: chanjo, maji, kliniki ya meno, ustawi wa jamii, dawati la polisi la wanawake na watoto, na namba ya msaada inayopigwa bure. "Zimechanganywa makusudi," alisema. "Mtu akiikuta, ni kadi ya afya tu. Hata hivyo ifiche."

Fundi alichukua wembe, akafumua pindo la mkono wa gauni alilovaa, akaitumbukiza kadi na kushona palepale, mishono sita. Hakuna jicho ambalo lingeiona.

"Miaka kumi na moja nipo kwenye kazi hii," Dada Dodoso alisema, akiutazama mkono ule. "Sijawahi kuona kadi ikifichwa vizuri namna hii."

"Sasa niambie nifanye nini."

"Hilo siwezi kukuchagulia. Nyumba hii unaijua wewe. Ila usimwambie mumeo tulichozungumza, na usiondoke kwa hasira bila mpango. Siku mwanamke anapoondoka inaweza kuwa ya hatari kuliko zote. Ukiamua, anza kwa afisa ustawi. Wanajua jinsi ya kupanga."

Swali la mgeni halikumtoka Fundi kichwani. Redio ikiwashwa, watoto wanafanya nini? Jumamosi mchana mume alikuwa karakanani. Watoto walikuwa wanakula chumba cha mbele. Fundi aliiwasha redio, akaongeza sauti hadi mwisho, kisha akageuka kutazama.

Kasuku aliweka kijiko chini. Hakuangalia huku wala kule. Alimshika Kibonge mkono, wakaingia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akashusha shuka iliyoning'inia ukingoni. Yote aliyafanya upesi na kwa mpangilio, kama mtu aliyeyafanya mara mia. Fundi alipiga magoti, akainua shuka. Kasuku alikuwa ameshika kopo la zamani la vifungo. Ndani yake mlikuwa na vitu vinne vidogo vya kitambaa, vya duara, vimejazwa vipande na kushonwa kwa mkono. Viwili alikuwa akimtia Kibonge masikioni.

Fundi alikimbia kuizima redio. Akarudi, akatambaa hadi chini ya meza. "Mwanangu, hivi ni nini?"

Kasuku alitazama sakafu. Kisha, kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumiwa, alisema, "Vya masikio. Hivi vyake, hivi vyangu."

"Nani alikufundisha?"

"Nilikuangalia wewe ukishona." Alivuta pumzi. "Redio ikiwa kubwa, ndiyo mnaanza. Bora ingekuwa ndogo. Ikiwa kubwa siwezi kusikia kama bado unalia au umekufa."

Fundi aliwakumbatia wote wawili chini ya meza ile. Mishono ya vile vitambaa ilikuwa midogo na iliyonyooka, kazi ambayo angejivunia kama ingekuwa ya kitu kingine. Alilia bila kujificha. Watoto wake walikuwa wamekingana wenyewe, kwa vipande alivyotupa chini ya cherehani yake. Jioni ile mume alirudi ametulia. Fundi hakungoja arudi amenuna. Jumatatu asubuhi alifumua ile mishono sita.

Afisa ustawi alikuwa kijana wa kike mwenye ofisi ndogo, mafaili hadi dirishani. Alimsikiliza Fundi hadi mwisho. Pamoja walipanga. Watoto wangekwenda na mama yao kwa shangazi yake Fundi, upande mwingine wa mji. Vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki vitangulie, na nguo pia.

"Nguo ndizo ngumu," afisa alisema. "Mume akiona begi, anajua."

"Nguo niachie mimi," alisema Fundi.

Hapo ndipo ungemwona Fundi ni nani. Kwa wiki mbili alitoka nyumbani kila siku na furushi la nguo za wateja, kama alivyofanya miaka yote. Ndani ya kila furushi mlikuwa na gauni moja la Kasuku, au kaptula ya Kibonge, au shuka. Vyeti alivishonea kwenye bitana ya koti ambalo alidai ni la mteja. Siku moja mume alimsaidia kubeba hadi barabarani, akalalamika kwamba siku hizi wateja wana nguo nzito. Afisa alimfahamisha mwalimu mkuu kwa siri kwamba Kasuku asikabidhiwe kwa mtu mwingine isipokuwa mama yake. Mwalimu wa Kasuku alipoelezwa, alishika kichwa. "Na mimi nilikuwa namtishia kumkaririsha darasa," alisema.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, mume akiwa kazini, Fundi alifunga mlango kwa nje, akamshika Kibonge mkono, wakampitia Kasuku shuleni. Cherehani aliiacha. Ilikuwa nzito, na hakuna furushi la kuifunika. Hicho ndicho kitu kilichomliza njiani.

Mume alitafuta. Alipiga simu, akaomba, akatishia, akalia. Fundi hakuzijibu, zote alimpelekea afisa. Shauri lilifika polisi na mahakamani, na mchomeleaji akaamriwa asiwakaribie. Alitakiwa pia kuhudhuria mikutano ya wanaume wanaojifunza kuacha kupiga. Watoto huwaona ofisini kwa afisa, afisa akiwepo. Je, amebadilika? Afisa alisema mabadiliko ya mtu kama huyo hupimwa kwa miezi na kwa matendo, si kwa machozi. Fundi hajaamua kurudi, na hakuna anayemharakisha. Cherehani polisi waliisindikiza hadi kwa shangazi, na wa mbele kwenye kuibeba alikuwa Mama Mkaa.

Mtihani wa kusoma ulifika. Mwalimu alimsikiliza Kasuku peke yake, darasa likiwa tupu, wote wawili wamekaa sakafuni. Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa ya kunong'ona. Wa nne mwalimu aliusikia bila kuinama. Kasuku alipanda darasa.

Miezi sita baadaye Dada Dodoso na wenzake walirudi zahanati ya mtaa ule kuwapa wanawake matokeo ya utafiti. Fundi alikuja kutoka upande wa pili wa mji, amevaa gauni la mikono mifupi. Dada Dodoso alimsalimu kama alivyowasalimu wengine, akapita. Hakumkonyeza, hakumshika mkono zaidi ya wenzake. Fundi alielewa, na heshima yake kwa mwanamke yule iliongezeka maradufu.

Dada Dodoso alisimama mbele. "Katika mtaa huu tuliongea na wanawake mia mbili na kumi. Sabini na nane walituambia wamepigwa na waume au wenza wao. Wengi wao walikuwa hawajawahi kumwambia mtu. Na karibu wote walisema watoto hawajui."

Hakutaja jina. Hakutaja nyumba, wala redio. Ukumbini kila mtu aliangalia magoti yake, na Fundi alijua kwa nini. Katika hao sabini na nane, mmoja ni yeye. Wengi wa wale sabini na saba huenda wamekaa humu humu, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Akasimama.

"Nyumba ya muziki ilikuwa yangu," alisema. "Haikuwa harusi. Tuliwasha redio ili watoto wasisikie." Akatoa kwenye mkoba lile kopo la vifungo, akalifungua na kueleza vile vitu vinne vidogo ni nini na nani aliyevishona.

Mama Mkaa alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Nami nilikuwa nacheka," alisema. "Ukuta mmoja, nami nilikuwa nacheka."

Kisha nyuma kabisa akasimama mwanamke ambaye Fundi alimjua kwa kumshonea tu. "Sisi hatuna redio," alisema polepole. "Sisi tunafungua bomba."

Dada Dodoso aliweka karatasi zake chini. Alivuta kiti, akakaa, akasubiri, kama anavyojua kusubiri. Siku ile kadi zake ndogo ziliisha zote, na Fundi akakaa mlangoni na sindano, akimshonea pindo kila aliyetaka.

Kwa shangazi wana chumba kimoja. Kina kitanda, cherehani, na redio ndogo ya shangazi juu ya kabati, ambayo kwa muda mrefu hakuna aliyeigusa. Vile vitambaa vinne Kibonge amevigeuza mito ya mwanasesere wake, na Fundi hajamkataza.

Jumapili moja walikuwa mezani. Shangazi alikuwa ameiwasha redio kwa sauti ya chini, asikilize matangazo. Matangazo yakaisha, wimbo ukaanza. Kasuku aliinua kichwa.

"Mama, ongeza sauti. Huo tunauimba shuleni."

Mkono wa Fundi ulisita kwenye kitufe. Alikizungusha kidogo, akamtazama mwanawe. Akazungusha tena. Kasuku hakuweka kijiko chini. Alikuwa akila, akiimba, na kumweleza Kibonge mambo matatu kwa wakati mmoja kuhusu mwalimu, kiranja na mbuzi aliyeingia darasani, makombo yakiruka hadi kwenye nguo ya mteja.

"Kasuku, usiseme na chakula mdomoni," alisema shangazi.

Kasuku alinyamaza.

"Mwache, shangazi," Fundi alisema, akikung'uta makombo kwenye ile nguo. "Sema, mama. Huyo mbuzi ikawaje?"